Likizo ya msiba imtambue pia mlezi asiye wa damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wafanyakazi wengi hulinung'unikia pembeni, lakini ni nadra kulisikia katika mikutano ya vyama vyao: ni nani, mbele ya mwajiri, anayehesabiwa kuwa ndugu yako siku unapofiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo anapouguliwa au kufiwa na mtoto, au anapofiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha inaishia hapo. Mama wa nyumba ya jirani aliyekuchukua ukiwa darasa la tatu baada ya wazazi wako kufariki, akakulisha, akakulipia ada, na siku ya kupokea posa akakaa mkekani kama mzazi, hayumo.

Nimetumikia idara za utumishi kwa miaka mingi, na fomu za ruhusa ya msiba zilipitia mezani kwangu. Aliyefiwa na mlezi huandika "mama", kwanza kwa sababu ndivyo alivyomwita maisha yake yote, na pili kwa sababu anajua kwamba akiandika vinginevyo atanyimwa ruhusa. Baada ya miaka kadhaa, mama aliyemzaa, ambaye pengine alikuwa hai muda wote ila hakujaliwa uwezo wa kumlea, naye anafariki kijijini. Faili linaonyesha kwamba mama alikwisha kuzikwa, na mfiwa anaitwa kujieleza kana kwamba ni tapeli. Mameneja hutaniana kwamba wafanyakazi wetu wana mama watano watano. Wengine wanao kweli. Undugu ni kufaana, husema kila mzee anayesimama kutoa nasaha harusini, lakini maneno hayo yakifika dirishani kwa afisa utumishi huombwa cheti cha kuzaliwa.

Wazee wetu hawakuliacha suala la kuzikana mikononi mwa ukoo peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea na misafara kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19 walikaa mbali na kwao kwa miezi mingi, na aliyeugua au kufia njiani alihitaji mtu wa kumstiri. Utani baina yao na Wazaramo na makabila mengine ya njia ile ulistawi katika mazingira hayo, ndiyo maana mtani hakuwa mchekeshaji tu msibani, bali alikuwa na kazi zake maalumu, ikiwemo kuchimba kaburi. (Siku hizi utani umehamia zaidi katika mpira na simu, jambo linalostahili barua yake.) Walikuwapo pia ndugu wa kuchanjiana, ambao kiapo chao kilibeba wajibu mzito kama wa waliochangia ziwa moja, na yupo bado somo, anayemfunda mwali na kubaki mtu wake hata baada ya ndoa.

Lakini sitaki ionekane kwamba natetea mila za kale tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na ni mwaka 2004, uleule sheria hii ilipotungwa, ndipo mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU ulipoanza. Watoto walioachwa yatima katika miaka ile ya kati, na kulelewa na yeyote aliyekuwa na huruma na sahani ya ziada, leo ni wauguzi, madereva na makarani. Walezi wao wanazeeka na kufa sasa. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani dola yenyewe humkabidhi mtoto kwa familia isiyo ya damu yake. Mtoto huyo akikua na kuajiriwa, sheria nyingine haimwoni aliyemlea.

Najua waajiri watahofia gharama na udanganyifu. Kuhusu gharama, siku hizo nne ni jumla ya haki ya mfanyakazi katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria huhesabia likizo, hata akipatwa na misiba mingapi. Kuongeza jina katika orodha hakuongezi siku. Kuhusu udanganyifu, mfanyakazi aandikishe mlezi mmoja tu anapoajiriwa, kwa barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, na jina hilo lisibadilishwe baada ya taarifa ya kifo kupokelewa. Udanganyifu uliopo sasa unatokana na fomu yenyewe kutokuwa na mahali pa kusema kweli.

Si lazima tungoje Bunge. Sheria imeweka kiwango cha chini tu, na mikataba ya hali bora, yaani ile ambayo vyama vya wafanyakazi hufunga na waajiri, inaweza kukipandisha. Naviomba vyama vilivyo chini ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, viliweke suala hili mezani katika majadiliano yajayo na waajiri, sambamba na hoja ya mishahara.

Afisa utumishi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam