YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTE KWENYE MNARA WETU WA KUPOZEA MAJI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba wa kutibu maji ya mnara wetu mnaujua, sina haja ya kuwasomea.

Jumanne nilimwonyesha mhandisi wenu ute niliokwangua kwa kisu ndani ya bomba. Juu kijani, chini mweusi, unanuka yai viza. Akacheka mbele ya vijana ninaowasimamia: "Mzee, hayo matope tu, osha." Kisha akanipa karatasi ya vipimo: bakteria kwenye maji, hakuna tatizo.

Nani aliuliza habari za maji? Bakteria wanaoelea ndio klorini yenu inawaua. Waliojijengea utando ukutani wamejifunika ute wao wenyewe, na klorini inaishia juujuu kabla ya kuwafikia. Tena pH yetu, kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji, inafika 8.5, klorini inakuwa imeshapoteza makali. Haya niliwaandikia Machi, nikaomba dawa ya kulegeza utando na ratiba ya kusugua. Kimya. Februari nako niliandika, kimya. Ute huo unazuia joto kupita kuliko hata ukoko wa chokaa wa unene uleule. Mashine zimesimama mara mbili, na chini ya ule weusi chuma kimeliwa vishimo vishimo.

Narudia ili mnielewe: nimesimama na kisu mkononi, ute unadondokea kiatu changu, vijana wananitazama, mtu wenu anacheka. Akagusa ute, akafuta kidole kwenye taarifa yangu niliyoiandika usiku kucha. Ukurasa huo ninao. Alama ya kidole chake ipo.

Mnara unarusha manyunyu karibu na dirisha la kantini. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu na walioitwa hivyo baada ya vifo vya wanachama wa American Legion huko Philadelphia mwaka 1976, hustawi ndani ya utando kama huu, kwenye maji ya vuguvugu. Mliwahi kuwapima? Kwenye karatasi zenu sijaona.

Nilikusudia kuomba usafi wa bure tu. Sasa hautoshi. Safisheni, lipeni mabomba yaliyoliwa, rudisheni ada ya miezi sita, na mhandisi huyo aombe radhi mbele ya vijana walewale. Nawapa siku 7. Zikipita, ute nimeuweka kwenye chupa mbili: moja itakwenda OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nyingine kwa wakili.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Mitambo