Kanda ya Video Iliyoota Ukungu Isitiwe Kwenye Deki

Wateja wengi wanaotuletea kanda za VHS za harusi, maulidi na safari za familia ili tuzihamishie kwenye faili za kompyuta hutwambia kwamba wamezijaribu kwanza nyumbani, wapate kujua kama bado zinaonyesha kabla ya kulipia. Sababu yao inaeleweka, maana hakuna apendaye kutoa fedha kwa kanda tupu. Lakini kwa kanda iliyokaa kabatini miaka ishirini au thelathini katika hewa ya Unguja, jaribio hilo moja laweza kuwa ndilo linaloiharibu. Tunamwomba kila mwenye kanda kama hiyo asome maelezo haya kabla hajatafuta deki ya kuazima.

Ndani ya kasha la VHS mna utepe wa plastiki wenye upana wa takriban milimita 12.7 na unene wa kama sehemu mbili za mia za milimita. Upande mmoja wa utepe huo umepakwa gundi iliyochanganywa na chembechembe za oksidi ya chuma, na picha pamoja na sauti vyote ni sumaku iliyohifadhiwa katika chembechembe hizo. Deki inapoanza kucheza huuvuta utepe nje ya kasha na kuuzungushia ngoma ndogo ya chuma yenye vichwa vya kusomea, na ngoma hiyo, kwa mfumo wa picha za televisheni wa PAL uliotumika huku kwetu, huzunguka mara 25 kwa kila sekunde. Ukungu ukiwa umeota kati ya mizunguko ya utepe, mizunguko hiyo hushikana, na deki inapoivuta kwa nguvu utepe hukunjamana, hukatika au hubanduka mpako wake. Palipobanduka mpako hapana picha tena, na hakuna dawa wala programu ya kuirudisha. Vumbi lililobaki nalo huganda kwenye vichwa vya deki, likasubiri kanda itakayofuata.

Kuitambua kanda yenye ukungu hakuhitaji mashine. Ishike karibu na dirisha lenye mwanga, uitazame kupitia vidirisha vya plastiki vilivyo juu ya kasha: utepe usio na ukungu huonekana mweusi au wa hudhurungi iliyokoza, laini, na ukingo wake una rangi moja. Ukiona weupe kama unga uliomwagika ukingoni, au madoa na pete nyeupe, huo ni ukungu. Unaweza pia kubonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni na kuinua kifuniko cha mbele, ukautazama utepe wenyewe bila kuugusa kwa vidole. Ukiona dalili hizo usiipangusie spiriti, wala usiianike juani, kwa sababu joto huupinda utepe na kulegeza gundi yake. Itie katika mfuko wa karatasi, itenge na kanda nyingine, uilete kama ilivyo.

Kanda inapotufikia katika hali hiyo, kwanza huwekwa katika sanduku lililofungwa pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu, mpaka ukungu ukauke na uache kunata. Kisha tunafungua skrubu tano za kasha, tunazitoa gurudumu mbili za utepe, na kuupitisha utepe polepole katikati ya vitambaa laini kwenye mashine ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Baada ya hapo utepe unavishwa kasha safi. Ndipo unapochezwa, na unapochezwa hurekodiwa papo hapo, kwa sababu hatuna uhakika kwamba mara ya pili utacheza vizuri kama mara ya kwanza. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kamili kurekodiwa, mbali na muda wa kuikausha na kuisafisha, na hiyo ndiyo sababu hatukubali kuahidi kazi ya siku moja.

Uangalifu huu hauhusu kanda peke yake. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016, kwa hiyo kila deki inayofanya kazi leo ni ya zamani na vichwa vyake vikilika ni shida kuvipata vingine.

Kanda zilizotumwa na jamaa walioko Marekani au Kanada huwa na jambo lao. Zimerekodiwa kwa mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 badala ya 625 ya PAL, na kwenye deki nyingi za huku huonyesha picha inayoruka au isiyo na rangi. Kanda ya namna hiyo mara nyingi ni nzima kabisa, tafadhali msiitupe. Zile za Oman na Dubai hazina tatizo hilo, kwani huko pia walitumia PAL.

Wateja wetu wa kike wamekuwa wakiuliza kuhusu kanda za shughuli za kina mama, ambamo wanawake wameonekana bila mitandio kwa kuwa hapakuwa na mwanamume ukumbini. Kanda hizo hupokewa, husafishwa na kurekodiwa na mwanamke peke yake katika chumba kilichofungwa. Faili zake hazipandishwi kwenye intaneti hata kwa muda mfupi. Hukabidhiwa mwenyewe mkononi kwenye flashi, na nakala iliyobaki kwetu hufutwa mara tu anapothibitisha kwamba zinafunguka. Amana ya watu hailindwi nusu, na kwa kazi hii hatuna utaratibu mwingine.

Kila mteja hupewa faili mbili: moja kubwa ya kuhifadhi, inayofikia gigabaiti 13 kwa kila saa, na nyingine ya MP4 ya kutazamia kwenye simu au televisheni. Anayetaka kuituma kwa WhatsApp aitume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa na ubora wake hushuka, na akumbuke kwamba hati haipiti gigabaiti 2.

Wapo wanaotuomba tuinoe picha kwa programu za akili mnemba. Tunakataa, kwa kuwa programu hizo hujaza kwa kukisia mahali ambapo kanda haikuhifadhi kitu, na sura ya bibi aliyekwisha kufariki hubadilika ikawa ya mtu mwingine. Ukitaka picha iliyo bora zaidi, waulize ndugu ni nani aliyebaki na kanda ya kwanza iliyotoka kwa mpigaji video, maana kila nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine ilipoteza kitu, na mara nyingi ile ya asili ingali kwa shangazi au kwa upande wa bwana harusi.