Mwanangu, anza na chuo cha mwisho kwenye orodha yako

Mwanangu,

Orodha yako ya vyuo nimeisoma yote. Juu kuna Harvard, Stanford, Yale na wenzao. Chini kabisa umeweka viwili vya kujazia, na nilipokuuliza huko ungesoma nini ulinijibu, "Huko sitafika, mama mdogo." Nakuandikia hadharani kwa sababu watoto wetu wengi hapa Maryland wanapanga hivyohivyo, na sisi wakubwa tunawashangilia.

Alama zako ni nzuri mno, hilo halina ubishi. Lakini Harvard na Stanford huchukua pungufu ya waombaji 5 katika kila 100, na wengi wanaokataliwa nao walikuwa wakiongoza madarasani kwao. Hata ukiomba kumi vya namna hiyo, hakuna ulichojihakikishia. Chuo cha akiba, yaani kile unachokiweka kwa kuwa kupokelewa kwake kuna uhakika zaidi, ndicho huenda ukaishi miaka minne, kwa hiyo ndicho nilitaka ukihangaikie kwanza.

Chukua UMBC, yaani Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, hapo nje kidogo ya Baltimore, ulichokiandika kwa kuwa kiko karibu na nyumbani. Wewe unataka baiolojia. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliokuwa mstari wa mbele katika utafiti uliozaa chanjo ya Moderna ya Uviko, alihitimu hapo 2008. Alipitia mpango wa Meyerhoff, ulioanzishwa 1988 kwa ajili ya vijana weusi wa kiume wanaopenda sayansi. Baadaye wasichana wakafunguliwa mlango, kisha watu wote. Wanasoma kwa vikundi, wanaingia maabara mapema, wanaandaliwa kwenda hadi shahada ya uzamivu. Mmoja wa waanzilishi wake, Freeman Hrabowski, aliwekwa mahabusu Birmingham, Alabama, mwaka 1963 akiwa na miaka 12, kwa kuandamana kudai haki. Ndiye aliyekuja kukiongoza chuo hicho kuanzia 1992 hadi 2022. Timu ya sataranji imetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara kadhaa, na wewe unavyoupenda mchezo huo! Kuna sanamu ya mbwa aliye nembo ya chuo, True Grit, ambayo pua yake inang'aa kwa kushikwashikwa na wanafunzi wanaotafuta bahati kabla ya mtihani. Mahali pa namna hiyo, mtoto anayependa kitabu haonekani kituko.

Ila usichanganye: kupokelewa chuoni ni jambo moja, kuingia Meyerhoff ni jingine, na ushindani wake ni mkali. Jiulize kama ungekipenda hata bila mpango huo.

Fedha nayo ni sehemu ya uhakika. Chuo kinachokupokea halafu mama yako akashindwa kukilipia si akiba. Tangu 2011, vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kuu vinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti. Keti na mama yako, mwingize kipato halisi cha nyumba, muone mtakacholipa. Hapo ndipo chuo cha jimbo letu kinapokuwa na nguvu, maana mkazi analipa ada ndogo kuliko anayetoka nje.

Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kule Pennsylvania, nacho kitazame. Hujibu maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo ukiwahi unaweza kuwa na barua mkononi kabla ya baridi kukolea. Huko ndiko Jonas Salk alikotengeneza chanjo ya polio. Ila huko wewe si mkazi, kwa hiyo hesabu ya ada ifanyeni kwanza.

Na insha za maombi ya vyuo hivi usizilipue. Vipo vinavyoangalia kama mwombaji anavitaka kweli, na mwenye alama kubwa aliyeandika kivivu anaweza kuachwa.

Najua kwenye harusi zetu watu watauliza, "Mtoto anasoma wapi?" Waache waulize. Hawatakuwa bwenini na wewe Februari.

Siku shule yenu ikifungwa na chuo kikiwa wazi nitakupeleka UMBC. Ingia darasani, kula kantini, waulize wanafunzi wa baiolojia walianza lini kufanya kazi maabara. Ukirudi ukasema hukipendi, nitakuamini, tutatafuta kingine. Lakini hapo kifute kwenye orodha.

Mama yako mdogo