Mtoto anapolia tumbo, tazameni na miguu yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze ugonjwa ambao, katika miaka yangu ya utabibu, niliuona mara kadhaa ukitibiwa kama minyoo, amiba au taifodi. Unaitwa vaskulitisi ya IgA, au Henoch-Schönlein: ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, unaotokea pale kingamwili (protini za kinga ya mwili) za aina ya IgA zinaponasa kwenye kuta za mishipa hiyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 15, na mara nyingi hutanguliwa na mafua au maumivu ya koo.

Alama yake kuu ni madoa yaliyotuna miguuni na matakoni, yasiyofifia yakibonyezwa. Vitabu huyaita mekundu au ya zambarau, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo hujificha, na kidole huyagundua kabla ya jicho.

Mishipa ya utumbo nayo ikivimba, damu na maji huvujia ndani ya ukuta wake, nao hunenepa. Mtoto hupatwa na msokoto wa tumbo, hutapika, na pengine choo hutoka na damu. Kwa wachache, sehemu iliyovimba huingia ndani ya sehemu inayofuata, mithili ya mkono wa shati uliogeuzwa nusu, na ikikosa damu huweza kufa na kutoboka. Kwa watoto wachanga wenye tatizo la namna hiyo, utumbo mwembamba kwa kawaida huingia kwenye utumbo mpana, na mara nyingi hurudishwa kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa. Katika ugonjwa huu, aghalabu yote hutokea ndani ya utumbo mwembamba wenyewe, ambako tiba hiyo haifiki. Kipimo cha kutegemewa ni ultrasaundi, na daktari wa upasuaji aarifiwe mapema.

Nakiri kwamba wakati mwingine tumbo hutangulia madoa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, na hapo simlaumu mtu. Ninacholalamikia ni mtoto kubonyezwa tumbo akiwa na suruali yake, kisha kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo. Avuliwe, apapaswe miguu na matako, na mkojo wake upimwe, kwa kuwa figo nazo huweza kudhurika kimyakimya. Hata tumbo likitulia, mkojo na shinikizo la damu viendelee kupimwa kwa miezi 6.

Tabibu mstaafu,
Tanga