Salamu za Krismasi kwa wazazi, walimu na watoto wetu wa Nyalenda, Kisumu

Wazazi wenzangu, walimu wetu, watoto na majirani wote, Bwana asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu, mliotuletea pilau hadi langoni pa shule siku ya Idi, asalaam aleikum.

Ni desturi ya kamati yetu kwamba mwenyekiti huandika salamu kila Desemba. Mwaka huu nimeahirisha mara tatu. Leo ni Jumapili tarehe 21, nimerudi kutoka soko la Kibuye ninakouza omena, dagaa wetu wa ziwani, na harufu yake bado iko mikononi, na najua wengi wenu mmeshafunga mizigo ya kwenda dala, nyumbani kijijini. Basi zipokeeni kabla hamjapanda gari. Nawatakia nyote Krismasi njema, yenye amani, afya na baraka tele, na mwaka wa 2026 uwe wa neema kwa kila nyumba. Wagonjwa wapone, waliofiwa wafarijiwe, wanaotafuta kazi wafunguliwe mlango.

Mwaka 2025 umetuonyesha mambo. Ile Jumatano ya Oktoba 15 habari ilipofika kwamba Baba, Raila Odinga wetu, amefariki India, soko lilinyamaza kwanza, kisha likalia kwa sauti moja. Siku tatu baadaye tulikuwa uwanja wa Mamboleo kumuaga, na matawi mikononi, wengine na watoto mgongoni, wengine walikesha pale uwanjani. Jumapili akalazwa kaburini kwao Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Na kabla mwezi haujaisha, watoto wetu wa Gredi ya 9, macho yakiwa bado mekundu, wakakalia madawati ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi.

Darasa hilo nawaombea kwa namna ya pekee. Wao ndio walioanza mtaala huu mpya wa umilisi wakiwa Gredi ya 3 mwaka 2019, na tangu hapo kila kitu kimejaribiwa kwao kwanza. Korona ikafunga shule wakiwa Gredi ya 4. KPSEA ya kwanza, mtihani wa Gredi ya 6, 2022, ni yao. Sekondari msingi ya kwanza, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ni yao, na KJSEA ya kwanza ni yao. Sisi wazazi tulihangaika nao kwa kazi za shule, tukiokota makatoni, tukishona sanamu za kufukuza ndege usiku kwa taa ya simu, tukiulizana nini maana ya mkondo huu na ule, yaani fungu la masomo atakalochagua mtoto Gredi ya 10. Januari wanaingia Gredi ya 10, na hapo pia hakuna aliyetangulia wa kuwaambia njia ikoje. Walimu wetu, hasa ninyi wa sekondari msingi mliofundisha masomo matatu kila mmoja kwa sababu hampo wa kutosha, Mungu awalipe. Mimi sina cha kuwalipa.

Kuhusu bei sitasema mengi, kila mtu anaijua mifuko yake. Unga, sukari, mafuta, nauli ya kutoka Nairobi ambayo kila Desemba hupanda bila kuaga. Ila hili moja nalisema kwa sababu niko kwenye kamati: mtoto wa shule ya msingi hutengewa na serikali shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Zigawanye kwa siku za masomo, hazifiki shilingi kumi kwa siku, na hapo chakula hakimo. Nyoyo inayochemka jikoni pale shuleni ni mahindi yenu na maharagwe yenu. Mzazi akikosa, jina la mtoto halisomwi kwenye orodha ya chakula, na saa ya chakula mtoto huyo hukaa chini ya mwarobaini akijifanya anasoma.

Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya niahirishe kuandika.

Julai tulimzika mpishi wetu, Mama Jikoni kama watoto walivyomwita. Wengi wenu mlikuja, mlichanga, mlibeba maji, asanteni sana. Usiku wa matanga tulikuwa tumeketi nje kwenye viti vya plastiki, mwanangu akasimama kusema machache kwa niaba ya wanafunzi. Nilidhani atasoma karatasi aliyopewa na mwalimu. Hakuisoma. Alisema muhula wa pili wa 2023 hakulipiwa chakula. Alisema Mama Jikoni alimwita siku ya tatu, akamwambia awe anakuja kumsaidia kukusanya sahani, kisha ale pamoja naye nyuma ya jiko, ili wenzake wasijue kwamba hajalipiwa. Alikula hivyo hadi shule zikafungwa.

Mimi mama yake sikujua. Mwaka ule uvuvi wa omena ulifungwa Aprili kama kawaida, na mtaji wangu ulikuwa umeishia kwenye deni la chama. Nilidhani mwanangu anashinda njaa, na jioni akirudi sikumwuliza amekula nini, kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa. Na huyo mama alikuwa mteja wangu. Kila Jumapili alikuja Kibuye, nikampimia gorogoro yake, akalipa taslimu, tukaagana. Hakuwahi kutaja. Nami miaka miwili nilimpimia kama ninavyompimia mtu yeyote, bila kuongeza hata konzi moja.

Nisameheni kwa kuleta machozi kwenye salamu za sikukuu. Nilitaka mjue tulimzika nani.

Sasa wazazi wenzangu, nawasihi, na mnisikilize kama dada yenu. Likizo hii imekuwa ndefu, tangu mwisho wa Oktoba watoto wako nyumbani. Je, tunajua wanakoshinda? Binti anayetumwa dukani jioni, tunahesabu dakika? Kijana anayepanda boda na rafiki asiye na helmeti, tumemwambia neno? Siku ya Boxing Day mtawapeleka ufukweni Dunga, ni vyema, ziwa ni letu na samaki ni mtamu, lakini mtoto asiingie boti bila jaketi la kuokolea, hata mwenye boti akisema ni mwendo mfupi. Na mnaosafiri, ukiona gari limejaa, shuka. Agosti tuliliona basi la waombolezaji pale mzunguko wa Coptic, watu zaidi ya 20 hawakufika nyumbani. Afadhali ufike dala tarehe 26 na kuku wako mkononi.

Baba wa nyumba, usikope ili uchinje mbuzi. Wale watakaokusifu kwa nyama Alhamisi hawatakuwepo mtoto atakapodaiwa sanduku, godoro na viatu vyeusi. Mama, kitenge kipya kinaweza kungoja Pasaka. Na matokeo haya yaliyotoka, tafadhali, tafadhali, tusiyatumie kama fimbo mbele ya wageni. Mtoto aliyepata AE, yaani anakaribia matarajio, amekaa miaka tisa darasani pamoja na yule wa EE, aliyevuka matarajio, chini ya paa lile lile linalovuja, na wote wawili wanatutazama waone tutasema nini. Mkumbatie. Kisha kaa naye mzungumze juu ya mkondo anaoutaka yeye, si ule utakaopendeza ukitajwa kanisani.

Na tunapokula, tutazame upande wa pili wa ua. Mtoto tunayesherehekea kuzaliwa kwake alikosa nafasi nyumba ya wageni. Kwa jirani ambako moshi haujaonekana tangu asubuhi, usitume salamu, tuma sahani. Itume kimya kimya, imefunikwa, na mtoto wako asiipige picha. Wapo mwaka huu waliopoteza kazi na hawajamwambia mtu, wanavaa na kutoka asubuhi kana kwamba wanaenda kazini. Tunaishi nao mlango kwa mlango. Tusingoje matanga ndipo tuambiane.

Kwa niaba ya kamati, nawatakia tena sikukuu njema, safari salama na mwaka mpya wenye heri. Mungu awape kila mnachoomba kwa haki. Shule inafunguliwa Jumatatu, Januari 5. Mpishi mpya ataanza siku hiyo, na jiko limekaa miezi miwili bila moto. Kwa hivyo Jumamosi tarehe 3, saa tatu asubuhi, atakayeweza aje tusugue masufuria na kuziba ule upande wa paa. Njooni na majivu na misumari. Kuni zipo. Tutapika kidogo tule pamoja kabla ya kuachana. Mimi nitaleta omena, na siku hiyo sipimi.