Risala ya Kituo cha Elimu ya Masafa kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kituo,
Waheshimiwa Madiwani na Watendaji,
Walimu, wazazi, wenza wa wahitimu na ninyi wahitimu wenyewe,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Kilombero. Tunakushukuru kwa kuja wewe mwenyewe. Mahafali mawili yaliyopita risala zetu zilipokelewa na wawakilishi, wakaahidi kuzifikisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, elimu ya masafa si ngeni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikisomesha watu kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi tulianza na wanafunzi kumi na mmoja, katika darasa la kuazima kila Jumamosi. Leo tumevuka mia.

Mafanikio ni makubwa. Mwaka huu wanafunzi tisa wamefaulu Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia mtahiniwa wa kujitegemea njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, idadi ambayo haijapata kuonekana katika kata hii. Tumenunua spika hii inayotusikilizisha sasa. Tumepata kibao cha barabarani, hata mgeni hapotei. Mhitimu wetu mmoja amejiunga na Chuo Kikuu Huria, nasi tunajivunia kama ni mia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme lililotukalia moyoni.

Mwanafunzi wa masafa humwona mwalimu siku moja kwa juma. Siku sita yuko peke yake na moduli zake. Ni mama anayefungua kitabu mtoto akishalala. Ni kijana wa bodaboda, ni mlinzi wa usiku, ni kibarua wa mashamba ya miwa. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurejea shuleni, wapo waliorudi kwenye mfumo rasmi. Wenye watoto wachanga wasio na wa kuwalelea wamekuja kwetu. Halafu msimu wa mpunga ukifika, familia nzima inahamia shambani kupalilia na kuamia ndege, na mwanafunzi anapotea miezi. Daraja la Magufuli katika Mto Kilombero, tangu lifunguliwe mwaka 2018, limewaondolea wa ng'ambo adha ya kusubiri kivuko. Adha ya upweke bado wanayo.

Kwa hiyo mwalimu wa hapa hafundishi hisabati tu. Ndiye anayemweleza mtu wa miaka thelathini kwamba hajachelewa. Ndiye anayemsaidia kuchagua masomo anayoyaweza badala ya kubeba yote, anayemkumbusha tarehe ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, anayezungumza na mume asiyeona sababu ya mkewe kusoma. Hupokea simu saa nne usiku kutoka kwa mwanafunzi aliyepanda kichuguu kutafuta mtandao. Na jambo linapozidi uwezo wake, humpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia, au humpa mwenye umri mdogo namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Vocha anajinunulia mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hiyo yote inafanyika chini ya mwembe ule unaouona nyuma ya jukwaa. Mvua ikinyesha tunahamia barazani, wengine wakipita na kusikia.

Mwaka juzi mwanafunzi wetu mmoja alileta moduli zake zimefungwa kwenye khanga. Akasema, "Mwalimu, nakurudishia vitabu." Mwalimu akamkalisha chini ya mwembe, akamsikiliza zaidi ya saa nzima, na yule dada akakubali kuendelea. Lakini watu walimwona akilia. Kufikia Jumatatu habari zilishafika nyumbani kwake kabla hajazieleza mwenyewe. Hakurudi tena. Alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Leo angekuwa amevaa joho, na walimu wake hawajasahau.

Ndipo wanafunzi wakaamua kujenga chumba cha ushauri na unasihi. Walifyatua tofali wenyewe, wazazi wakasomba mchanga wa mtoni, na boma likafika kwenye lenta. Katika mahafali ya mwaka ule tukaahidiwa mabati na mbao ndani ya miezi mitatu. Tulipiga vigelegele, na kina mama wakamfungia mgeni mchele. Mwaka uliofuata tukaambiwa suala liko kwenye mchakato. Boma limenyeshewa masika mawili. Tofali za juu zimeanza kumeguka, na fundi anasema masika ya tatu boma halitayavumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi jengo la ghorofa. Tunaomba mabati thelathini, mbao za kenchi, na mlango mmoja wenye kitasa, unaofungwa kwa ndani. Ufundi ni wetu, maji ya kujengea tutachota wenyewe. Chumba kikikamilika, walimu wawili wapate mafunzo ya unasihi, maana hadi leo wanatumia moyo na uzoefu tu. Na kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba leo ututajie tarehe. Ahadi isiyo na tarehe kamili tumekwisha kuipokea mara mbili, na wanafunzi wanatuuliza sisi, hawawaulizi walioahidi.

Baada ya chakula, tunakuomba utembee nasi hatua chache ukalione boma hilo. Vipimo vyote vipo, na fundi tumemwita yupo hapa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kwa niaba ya walimu na wanafunzi,
Katibu wa Kamati ya Mahafali