Barua kwa mdogo wangu aliyeniomba mtaji

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka Singida. Ujumbe wako niliupata Jumapili, nikauweka kwanza, maana jibu lake haliingii kwenye simu. Naliandika hapa hadharani kwa sababu wapo vijana wengi walioniuliza jambo hilohilo: dada, nipatie milioni 3 na mimi nianze kama wewe.

Kwenye harusi ile ya Kihonda mjomba alisimama akasema, "Mwigeni dada yenu, alitoka chuo akafungua kiwanda." Watu wakapiga vigelegele. Nilikuona ulivyoinamisha kichwa na roho iliniuma, kwa sababu mambo hayakwenda hivyo. Mjomba hakukusudia kudanganya, ila aliiruka miaka ambayo wewe ndiyo unayoihitaji.

Nilihitimu SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwaka 2015, sayansi na teknolojia ya chakula. Juni 2016, barua zangu za maombi zikiwa zimetapakaa maofisini, serikali ikasitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Mama alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli zangu za usaili. Nikaona aibu kumwangalia, nikaenda kwa shangazi Singida, na huko nikapata kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Kazi yenyewe ilikuwa kupima magunia. Shahada yangu hakuna aliyeiuliza.

Nilikaa kwenye mizani ile misimu mitatu, na ndiyo niliyoanzia biashara, ingawa sikuwa na hata shilingi ya mtaji. Mkulima alikuwa analeta alizeti yake, anakamuliwa kwa bei ndogo sana, anabeba mafuta, anaondoka. Mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, anayaacha. Mwanzoni nilidhani tajiri yetu ana huruma. Kisha nikaanza kuyahesabu malori yaliyokuja kuchukua mashudu, mengine yakielekea Arusha na mpakani Namanga kwa watengeneza vyakula vya mifugo. Nikanunua daftari. Kila gunia nikaandika kilo zake, lita zake, na mashudu yake. Gunia la kilo 65 lilitoa lita 15, likiwa zuri sana 18. Zaidi ya nusu ya uzito wake ilibaki pale mashineni, na mwenye gunia hakuwa na habari nayo.

Daftari hilohilo ndilo lililonirudisha kwenye masomo yangu. Niliona mbegu zilizowahi kutiwa stoo kabla hazijakauka zinashika joto na kuota ukungu, na mafuta yake yanatoka machungu. Niliona mafuta mazuri yakipangwa barabarani kwenye chupa nyeupe, yanapigwa jua siku nzima, baada ya wiki chache yameanza kunuka. Chuoni niliyasoma hayo kwa ajili ya mtihani. Pale nikaelewa kwamba ni fedha za watu zinapotea.

Mwaka 2019 nikaanza, bila mashine. Nilinunua gunia 12 kwa akiba ya mshahara na zamu yangu ya mchezo wa kupeana fedha, nikakamulisha kwa tajiri yuleyule nikilipa fedha taslimu ili mashudu yabaki yangu. Nikayauza kwa wafugaji wa kuku mjini. Mashudu yalilipa ukamuaji, yakalipa na magunia. Baadaye tukaungana wanawake sita, tukaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo wanawake wametengewa asilimia 4, hauna riba. Tukanunua mashine ya kuchujia, tukapata barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya kututambulisha TBS, shirika la viwango. Sampuli ya kwanza ilikataliwa kwa mashapo. Tukachuja upya, tukarudi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili mjomba halijui kabisa. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilianza, na Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje. Mafuta ya kula yakapanda kila mahali. Msimu ulipofika nilijaza stoo alizeti ya bei ya juu, gunia 400, nusu yake kwa mkopo, nikiamini bei itazidi kupaa. Wenzangu waliniambia tununue kidogokidogo. Sikuwasikia. Mwaka uliofuata mawese ya nje yakawa rahisi, wakulima nao walikuwa wamelima sana, na alizeti ikaanguka vibaya. Mimi bado nilikuwa na madumu yaliyotokana na mbegu ghali. Tuliuza kwa hasara. Wawili kati yetu walikuwa wameweka humo ada za watoto. Niliwaita, nikafungua daftari mbele yao, nikawasomea kila tarakimu na kuwaomba radhi. Mmoja alilia. Hakuna aliyeondoka, na wema huo nitakufa nao moyoni. Wafugaji wetu wa kuku waliendelea kulipa kila wiki, kwa hicho tukapunguza deni hadi likaisha Februari 2024. Tangu hapo hatununui msimu mzima kwa mkupuo mmoja, hata bei ivutie namna gani.

Kwa hiyo milioni 3 sikutumii. Si kwamba sina, wala sikudharau. Nakupenda kama mwanangu. Ukiniuliza leo utazifanyia nini, utanijibu kwa mambo uliyoyasikia, na fedha ya namna hiyo nimeiona inavyoyeyuka.

Ninalokupa ni hili. Mwezi Mei wakulima wanaanza kuleta. Nahitaji mtu wa mizani, mwenye jicho na mkono mwaminifu. Mshahara utalipwa kama wengine, chumba kipo nyuma ya stoo, chakula utakula kwangu. Utavuta vumbi la alizeti na mgongo utakuuma wiki mbili za kwanza. Ukimaliza msimu ukaona alizeti siyo, niambie umeona nini kingine, tukae tupige hesabu zake pamoja, na hapo ndipo tutazungumza habari ya fedha.

Mwambie mama mdogo nimekuita mimi. Daftari nimeshakununulia.

Dada yako.